Uvimbe wa kichwani wa mtoto na wa mtu mzima sio ugonjwa mmoja

Mwaka jana bibi mmoja jirani yetu hapa Ujiji, Kigoma, aligoma kabisa. Mjukuu wake wa miaka 7 alikuwa ametoka kupigwa skani ya kichwa wakaambiwa kuna uvimbe kwa nyuma, kisogoni, apelekwe Mwanza akafanyiwe oparesheni, bibi akasema mtoto haendi popote. Na alikuwa na sababu. Miaka mitatu nyuma mwanae mkubwa, yani baba mkubwa wa huyo huyo mtoto, aliambiwa hivyo hivyo ana uvimbe kwenye ubongo, alikuwa na miaka 55, familia ikauza kiwanja cha Gungu, akapelekwa Dar, akapasuliwa, akapigwa mionzi, akarudi nyumbani amekonda na mwaka haukuisha tukamzika. Bibi akaniambia mwanangu, huu ugonjwa sisi tunaujua, kichwa kikishafunguliwa mtu harudi, wacha mtoto akae hapa tumuone.

Mimi ni nesi, nimekaa wodi ya watoto miaka mingi, nikakaa na bibi barazani toka saa kumi jioni mpaka wanaadhini magharibi. Yule bibi hakuwa na ujinga wowote, alikuwa anahesabu vizuri tu kwa kile alichokiona kwa macho yake, shida ni kwamba neno tunalotumia ni moja na magonjwa ni mengi. Tunasema uvimbe wa kichwani basi imetosha. Sasa ukimwambia mtu wa Kibirizi umenunua samaki atakuuliza samaki gani, dagaa, mgebuka au kuhe, maana bei sio moja, kuvua sio kumoja, kupika sio kumoja. Uvimbe wa ubongo na wenyewe Shirika la Afya Duniani limeuorodhesha kwa aina zaidi ya 100, na kitu kinachosaidia kuanza kukisia ni aina gani, hata kabla ya skani, ni umri wa mgonjwa. Daktari akiambiwa mtoto wa miaka 7 anayumba anawaza vitu vingine kabisa na akiambiwa mzee wa miaka 60 mkono umekufa ganzi.

Ntaeleza nilivyomweleza bibi, na mengine ambayo siku ile sikuyasema.

Kwanza ujue kwamba ubongo wa mtoto bado unajengwa. Mtoto anazaliwa na ubongo kama robo ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima, akifika miaka 2 umeshafika kama robo tatu, akifika 6 unakaribia kumaliza. Na sehemu ya nyuma kisogoni, ule ubongo mdogo unaoshughulika na kusimama, kutembea bila kuyumba, kushika kijiko kikafika mdomoni, hiyo inaendelea kujengwa hata baada ya mtoto kuzaliwa, seli zake zinagawanyika kwa kasi kubwa halafu zinatakiwa zifike mahali ziache kugawanyika, zikomae, zianze kazi. Uvimbe mwingi wa watoto unatoka hapo, seli ambayo ilipaswa kukomaa haikukomaa ikaendelea kugawanyika tu. Kwa mtu mzima habari ni tofauti, seli imeishi miaka 50 au 60, imepata hitilafu moja leo nyingine baada ya miaka kumi, zimejikusanya, mpaka siku moja inakosa breki. Ndio maana uvimbe wa mtoto ukichunguzwa maabara mara nyingi unakuta hitilafu chache za vinasaba, wakati wa mzee umeharibika kila upande.

Ndio maana pia mahali panakuwa tofauti. Watoto kuanzia mwaka 1 mpaka kama 10 hivi uvimbe wao mwingi unakaa nyuma na chini, kisogoni. Watu wazima mwingi unakaa juu na mbele, kwenye ubongo mkubwa. Kwa hiyo hata dalili hazifanani, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea, wakiwemo sisi watu wa afya.

Nianze na wachanga. Mtoto chini ya mwaka mmoja na nusu hivi utosi wake bado haujafunga na mifupa ya fuvu haijaungana, kwa hiyo presha ikipanda ndani kichwa kinapanuka. Hatakwambia kichwa kinauma, utaona kichwa kinakua haraka kuliko mwili, utosi umevimba na kukaza hata akiwa ametulia hajalia, mishipa ya kichwani imetokeza, macho yanaangalia chini kama jua linazama. Wengi wanaoonekana hivyo wana kichwa maji cha kuzaliwa nacho au kilichokuja baada ya homa ya uti wa mgongo, lakini wachache ni uvimbe, na kuna aina moja adimu ambayo inatengeneza maji ya ubongo yenyewe kupita kiasi. Kwa hiyo ile tepu ya kupimia kichwa kliniki tusiipuuze jamani, ule mstari kwenye kadi ya mtoto ukipanda ghafla uulize. Uvimbe wa wachanga wengine ni mkali sana, na tiba yake ina mtego wake, nitakuja huko kwenye mionzi.

Sasa hawa wa miaka 3 mpaka 10, kundi la mjukuu wa bibi. Hapa nitakaa kidogo maana ndipo tunapopoteza muda mwingi.

Ndani ya ubongo kuna maji safi yanayotengenezwa kila siku, mtu mzima anatengeneza karibu nusu lita kwa siku, na yanayokuwepo ndani kwa wakati mmoja ni kama mililita 150 tu, maana yake yanatengenezwa na kunyonywa mara tatu na zaidi kila siku. Njia yake ya kutokea inapita kisogoni, nyembamba sana. Uvimbe ukikaa pale hata ukiwa mdogo kama limao unaziba njia, maji yanajaa nyuma yake kama mtaro wa mtaa wa Mwanga uliozibwa na taka siku ya mvua, presha inapanda kichwa kizima. Mtoto akilala usiku presha inapanda zaidi, asubuhi anaamka kichwa kinauma, anatapika, akishasimama akatapika presha inapungua, saa nne yuko fresh anacheza mpira. Mama anashangaa, anasema labda alikuwa hataki shule.

Mjukuu wa bibi ndivyo alivyokuwa. Alipelekwa zahanati moja, akatibiwa malaria, akapewa dawa mseto, wiki mbili karudi akapewa dawa ya minyoo, karudi tena wakasema taifodi, mara ya nne wakasema ana vidonda vya tumbo, mtoto wa miaka 7. Silaumu sana, mkoa wetu una malaria nyingi na mtoto anayetapika Kigoma mtu wa kwanza kushukiwa ni mbu, na mara nyingi ni kweli. Lakini kipimo cha malaria kilitoka hasi mara tatu na hakuna aliyeuliza swali moja tu, anatapika saa ngapi? Na hakuna aliyemwambia simama utembee. Maana alikuwa ameshaanza kutembea kama amelewa, miguu ameipanua, anashika ukuta, kikombe cha uji kinamponyoka, na kichwa anakiinamisha upande mmoja wakati wote. Mtaani walishasema karogwa, wakamchanja chale. Miezi mitano ilipita.

Sitaki kumtisha mzazi yeyote. Uvimbe wa ubongo kwa watoto ni nadra, kwenye nchi zenye rejista nzuri kama Marekani ni watoto 5 au 6 kwa kila 100,000 kwa mwaka, na kichwa kuuma kwa mtoto mara nyingi ni homa, njaa, macho au usingizi. Kinachotakiwa kukushtua ni kichwa au kutapika kwa asubuhi kunakojirudia wiki ya pili sasa bila homa na bila kuharisha, mtoto aliyekuwa anatembea vizuri kaanza kuyumba, jicho limeanza kwenda upande na zamani halikuwa hivyo, degedege bila homa, shingo imekaa upande. Hapo omba rufaa, usikubali dozi nyingine tena.

Uvimbe wa kisogoni kwa umri huu una sura kama tatu kubwa. Kuna unaoitwa astrositoma ya pilositiki, huu ndio mmojawapo wa unaoonekana sana kwa watoto, unakua polepole, una mipaka yake, mara nyingi una mfuko wa maji pembeni, na daktari wa upasuaji akifanikiwa kuutoa wote kazi imeisha, hakuna mionzi hakuna kemo, yani dawa za kuua kansa, zaidi ya watoto 9 kati ya 10 wanakuwa hai miaka 10 baadae. Kuna meduloblastoma, hii ni kansa, ndio kansa ya ubongo inayoongoza kwa watoto, inawapata zaidi wavulana, inakua haraka na inasafiri na yale maji mpaka kwenye uti wa mgongo, kwa hiyo baada ya oparesheni mtoto anapigwa mionzi kichwani na mgongo mzima halafu kemo. Inasikika vibaya lakini sikiliza, nchi zenye huduma kamili watoto kama 7 mpaka 8 kati ya 10 wanavuka miaka mitano, wanakua, wanasoma, wanaoa. Sisi hatufiki huko kwa sababu tunachelewa na kwa sababu wengine wanaacha dawa katikati nauli ikiisha. Ya tatu ni ependimoma, inatoka kwenye kuta za vile vyumba vya maji, hii kila kitu kinategemea imetolewa yote au imebaki.

Na kuna ya nne ambayo inabidi niiseme kwa ukweli. Kuna uvimbe unaoota ndani kabisa ya shina la ubongo, pale zinapopita nyaya zote za kupumua, kumeza, kusogeza macho, unawapata zaidi watoto wa miaka 5 mpaka 10. Huu haupasuliki kwa sababu haujakaa pembeni ya ubongo, umejichanganya nao kama mawese yaliyoingia kwenye ugali. Mionzi inampa mtoto nafuu ya miezi kadhaa, wengi hawamalizi mwaka au mwaka na kidogo. Nimewauguza wawili. Kwa hawa kazi yetu ni wasiumie na wawe karibu na mama zao, na mzazi ana haki ya kuambiwa hivyo waziwazi badala ya kuzungushwa hospitali hadi hospitali anauza mashamba.

Sasa unaona, watoto wanne wa umri mmoja, wote wanatapika asubuhi, wote uvimbe uko nyuma, mmoja anapona kwa oparesheni tu na mwingine hapasuliki. Hata ndani ya umri mmoja hazifanani, sasa itakuwaje ufananishe na mtu wa miaka 55?

Vijana wa balehe, miaka kama 10 mpaka 20, uvimbe unaanza kuhamia katikati ya kichwa, karibu na tezi ya pituitari, ile tezi ndogo kama harage inayoongoza homoni zote. Hapa kuna uvimbe unaotokana na seli za uzazi zilizopotea njia tangu mimba, na kuna kraniofaringioma, ambayo ina tabia ya ajabu inapiga makundi mawili, watoto wa miaka 5 mpaka 14 na tena watu wazima kuanzia miaka 50, katikati inapungua. Dalili zake hazifanani kabisa na unavyowaza uvimbe wa ubongo. Mtoto amesimama kurefuka, wenzake wa darasa wamempita. Binti ana miaka 16 hajavunja ungo. Mwingine anakunywa maji ndoo nzima na anakojoa usiku kucha, wanampima sukari iko sawa wanamrudisha nyumbani. Mwingine anagonga milango kwa bega kwa sababu haoni pembeni, anaona mbele tu kama anachungulia kwenye bomba. Kila moja ya hizo ikija peke yake unaweza usiwaze kichwa kabisa.

Halafu tunaingia kwa watu wa miaka 20 mpaka 45 hivi, watu wa kazi, na hapa dalili kubwa ni kifafa kilichoanza ukubwani. Mtu hajawahi kuanguka maisha yake yote, ana miaka 34, yuko kwenye boti anavuta wavu anaanguka anatetemeka. Mtaani wanasema jini la ziwani. Kuna uvimbe wa umri huu unaokua taratibu sana kwenye ubongo mkubwa, unaweza kukaa miaka bila dalili nyingine yoyote zaidi ya hiyo degedege. Wanasayansi mwaka 2008 na 2009 waligundua kwamba mwingi wa hawa una hitilafu kwenye kinasaba kinachoitwa IDH, na wenye hiyo hitilafu wanaishi muda mrefu kuliko wasiokuwa nayo hata kama chini ya darubini seli zinafanana. Tangu hapo upimaji ukabadilika, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani kwenye mpangilio wake mpya likatenganisha rasmi glioma, yani uvimbe unaotokana na seli zinazoshikilia na kulisha neva za ubongo, za aina ya watoto na za aina ya watu wazima, zilizokuwa zinawekwa kapu moja kwa sababu ya kufanana sura. Yani hata wakubwa wa dunia walikuwa wanafanya kosa lile lile la bibi, na wamelirekebisha juzi tu.

Ila kwetu huku niongeze jambo. Mtu mzima wa Tanzania akianguka kifafa na skani ikaonyesha doa, usikimbilie kusema kansa. Kuna mayai ya minyoo tegu ya nguruwe yanayoingia mwilini kwa chakula au mikono michafu yakaota vifuko kwenye ubongo, kuna kifua kikuu kinachojenga donge kichwani, kuna toksoplazma kwa mtu mwenye virusi vya ukimwi ambaye kinga imeshuka, zote hizo skani inaweza kuonyesha kitu cha duara na zote zina dawa za kumeza. Hii ndio sababu daktari mzuri atauliza kuhusu kikohozi, atapima ukimwi, ataangalia doa ni moja au mengi, kabla hajataja neno oparesheni.

Na wanawake wa umri huu huu, kuna uvimbe mdogo wa ile tezi ya pituitari unaotoa homoni ya maziwa. Dada ana miaka 28 hana mimba wala hanyonyeshi, maziwa yanatoka, hedhi imekata miezi nane, mtoto hapatikani, ndoa inayumba, mama mkwe anasema maneno. Nimemuona dada kama huyo kazunguka kwa waganga watatu. Tiba yake kubwa ni vidonge, uvimbe unanywea wenyewe kwa vidonge, wengi hawahitaji kisu kabisa, hedhi inarudi na wengine wanabeba mimba. Mwanaume mwenye uvimbe huo huo anachelewa kujulikana kwa sababu yeye hana hedhi ya kukata, anapoteza hamu ya tendo anaona aibu kusema, mpaka uvimbe unakuwa mkubwa unabana mishipa ya macho.

Tezi hiyo hiyo inaweza kuota uvimbe wa homoni ya kukua, na hapa umri unaonekana waziwazi kuliko mfano mwingine wowote ninaoujua. Ukimpata mtoto ambaye mifupa bado ina nafasi ya kurefuka, anakuwa jitu, anarefuka bila kusimama. Ukimpata mtu wa miaka 40 mifupa imeshafunga hawezi tena kurefuka, basi anapanuka, pete haiingii, viatu vya namba 42 havimtoshi tena, taya linatokeza, meno yanaachana, sukari na presha zinapanda. Uvimbe mmoja, homoni moja, tofauti ni umemkuta mtu na miaka mingapi.

Sasa tufike kwa baba mkubwa. Kuanzia miaka 50 kwenda juu, kwenye zile zinazoanzia ubongoni kwenyewe, kansa inayoongoza ni glioblastoma, na hiyo ndiyo iliyoandikwa kwenye karatasi yake. Marekani wastani wa umri wa kuipata ni kama miaka 64 au 65, wanaume wengi kidogo kuliko wanawake. Inakua kwa wiki, mizizi yake inatambaa ndani ya ubongo mzima, kwa hiyo hata daktari bingwa wa duniani akiutoa ule unaoonekana, usioonekana umebaki. Mwaka 2005 utafiti mkubwa ulionyesha kwamba kuongeza vidonge vya temozolomaidi kwenye mionzi kunasogeza muda ambao nusu ya wagonjwa wanakuwa bado hai kutoka miezi 12 mpaka kama miezi 14 na nusu, na hiyo miezi miwili na nusu ndiyo dunia ilishangilia, sasa fikiria ugonjwa wenyewe ukoje. Baba mkubwa aliishi miezi 11. Hakukosewa na mtu, familia haikuchelewesha, kiwanja hakikuuzwa bure, alipata alichoweza kupata mtu yeyote mwenye ugonjwa ule, na hili nililirudia mara mbili kwa bibi kwa sababu niliona analibeba.

Ila kwa watu wazima kuna jambo ambalo kwa watoto ni nadra sana, kwamba uvimbe uliopo kichwani haukuanzia kichwani. Kansa ya mapafu, ya titi, ya figo, zinasafiri na damu zinakuja kuota ubongoni, na kwa watu wazima hizi za kusafiri ni nyingi kuliko zilizozaliwa humo humo. Kwa hiyo mama wa miaka 50 akiwa na madoa matatu kichwani, cha kwanza mpime titi na piga picha ya kifua. Kansa ya shingo ya kizazi ambayo kwetu inaongoza kwa wanawake, hiyo mara chache sana inafika kichwani.

Kwa wazee dalili zinajificha. Ubongo unanywea kidogo na umri, nafasi inabaki ndani ya fuvu, uvimbe unapata pa kukua bila kubana, kwa hiyo kichwa kinaweza kisiume kabisa. Kinachoonekana ni mzee kabadilika tabia, mpole kawa mkali, anasahau njia ya msikitini aliyoipita miaka 40, anajikojolea, mguu unaburuta. Tunasema uzee huo, au kiharusi. Kiharusi kinakuja ghafla, dakika hii mzima dakika hii mkono umelala. Udhaifu unaozidi kidogo kidogo kwa wiki tatu nne sio tabia ya kiharusi, hapo mzee anastahili skani kama mtu mwingine yeyote.

Na sio kila uvimbe wa mzee ni hukumu. Unaoongoza kwa watu wazima kuliko wote, karibu 4 kati ya 10 ya uvimbe unaoanzia kichwani kwa takwimu za Marekani, ni meninjioma, unaota kwenye ngozi inayofunika ubongo, nje ya ubongo wenyewe, wanawake wanaupata kama mara mbili ya wanaume, na mwingi sio kansa. Unakua taratibu kweli. Mama wa miaka 70 anaweza kuanguka bafuni akapigwa skani kuangalia kama kaumia wakakuta meninjioma ndogo ambayo imekaa naye miaka mingi, na ushauri ukawa mama nenda nyumbani, rudi baada ya miezi 6 tuangalie, ikikua tutoe isipokua tuiache. Watoto wake wanaona hospitali imemtupa. Haijamtupa, kwa umri ule kisu kinaweza kumdhuru kuliko uvimbe.

Niliahidi mionzi. Mionzi inaua seli zinazogawanyika haraka, na mtoto chini ya miaka 3 ubongo wake bado unajijenga haraka, ukiupiga unaua uvimbe na unapiga na akili ya kesho, anakua mfupi, homoni zinayumba, shule inamshinda. Kwa hiyo kwa wadogo hivyo madaktari wanajitahidi sana kuanza na kemo ili kusogeza mionzi mbele, au kuikwepa. Kwa mzee wa miaka 70 mwenye glioblastoma hesabu ni nyingine, kwa wengi wao mionzi inafupishwa, wiki 3 badala ya 6, ili muda aliobakiwa nao asiumalize kwenye foleni. Na mionzi yenyewe inaweza kuleta uvimbe baadae. Kule Israel toka mwishoni mwa miaka ya 1940 mpaka 1960 watoto maelfu walitibiwa mapunye kwa kupigwa mionzi kichwani, ndiyo, mapunye haya haya, maana dawa nzuri ilikuwa haijapatikana, na miongo baadae wengi wao kuliko kawaida wakapata meninjioma. Hiyo ni moja ya sababu chache sana zinazojulikana kwa uhakika. Nyingine ni magonjwa machache ya kurithi. Waliobaki, yani walio wengi, hakuna anayejua sababu, na simu ambazo watu wanazisema sana tafiti kubwa mpaka sasa hazijaonyesha kwamba ndizo zinazoleta. Kurogwa sijakuona kwenye karatasi ya maabara hata siku moja.

Hiyo karatasi ya maabara ndiyo nilimwomba bibi. Kipande kinachotolewa kichwani kinaangaliwa kwa darubini na majibu yanaandikwa jina kamili la uvimbe, na watu wengi wanaitupa au inabaki hospitali na hawajui hata mgonjwa wao aliumwa nini, wanabaki na neno uvimbe tu. Bibi alikuwa ameitunza, ndani ya kopo la maziwa, imekunjwa na cheti cha kifo. Nikamsomea jina, nikamsomea na umri, 55. Nikamwambia bibi, huyu wa kisogoni kwa mtoto wa miaka 7, uwezekano ni mkubwa kabisa kwamba sio huu, siwezi kukuapia ni upi mpaka utolewe, lakini wa baba yake mkubwa kwa mtoto kama huyu na mahali kama pale ni nadra sana. Akakaa kimya muda mrefu. Akauliza, kwa hiyo mwanangu alikuwa na wake na huyu ana wake? Nikasema ndiyo bibi.

Walipanda basi la alfajiri kwenda Mwanza, bibi mwenyewe alienda. Oparesheni ilichukua karibu siku nzima. Majibu yalitoka baada ya wiki kadhaa, astrositoma ya pilositiki, umetolewa wote. Miezi miwili ya kwanza mtoto aliyumba vibaya kuliko alivyoenda, bibi akanipigia analia, nikamweleza ubongo mdogo umeguswa unahitaji kujifunza upya, tukawa tunamtembeza kwenye uwanja wa nyuma ameshika kamba ya nguo. Sasa hivi yuko darasa la pili, amerudia mwaka, mwandiko wake bado unatetemeka kidogo. Karatasi yake ipo kwenye lile kopo pamoja na ya baba yake mkubwa. Skani ya kuangalia tena ni mwezi wa sita na nauli bibi ameshaanza kuitenga kwenye hela ya mawese.